Wimbi la Kerubo Siku ya Sabato

Kisii mjini,
Jumatatu

Dada yangu Rukia,

Nakusalimu kutoka huku baridini. Goti lako limepoa? Naomba mvua za huko zisilichokoze. Mimi mzima, ila mabega yananiuma, na sababu nitakueleza.

Ile darubini uliyoicheka nilipoinunua imetoka kabatini. Ijumaa, baada ya kupeleka habari zangu za chai, nilipanda upande wa Manga, chini ya mlima, kwa Mzee Nyakundi, mkulima niliyemzoea tangu gazeti linihamishie huku. Nilikusudia kushinda Jumamosi juu mlimani nikimtafuta ndege mmoja wa zambarau, mwenye kishungi chekundu, ambaye akiruka mbawa zake huonekana nyekundu tupu. Jumapili mchana nilitakiwa mjini, kulikuwa na baraza la kuandikia gazeti.

Wenyeji wangu ni Wasabato. Jumamosi hawashiki jembe, na chakula hupikwa Ijumaa kabla ya jua kuzama. Sasa wimbi la mkewe, Kerubo, ule ulezi wetu, lilikuwa limeiva, na ndege hawana Sabato. Msimu uliopita walilimaliza watu wakiwa kanisani, ikabidi anunue unga sokoni mpaka mavuno mengine. Safari hii alitaka abaki alinde. Mumewe alikataa: kulinda ni kazi.

Asubuhi, wamekwisha vaa nguo za kanisani, Kerubo akaniuliza, "Mgeni, leo unapanda mlima?"

"Napanda, mama."

"Huko juu kuna upepo tu. Ndege wamejaa kwa wimbi langu. Ila hawapendi mtu wa kutembeatembea."

"Kerubo," mumewe akasema, "huko ni kumtuma, na Sabato hata mgeni hatumwi."

"Namwonyesha tu, Baba. Nimemtuma saa ngapi?"

Nikautazama mlima, kisha nikashika njia ya shambani.

Chiriku na kwera walishuka kwa makundi. Kila waliposhuka nilitembea, na nilipochoka kutembea nilirusha madongoa. Darubini haikuwa na faida, ndege wenyewe karibu watue kichwani pangu.

Wenyeji wangu walirudi alasiri. Kerubo akapita ukingoni akigusa masuke, kisha akaingia ndani. Mezani Nyakundi aliomba, akamshukuru Mungu kwa mgeni aliyepumzika nao siku takatifu. Nikaitikia amina huku nikisugua bega.

Jua lilipozama tu, Kerubo akaniletea chai. "Sasa naweza kusema. Asante kwa kazi."

"Kazi gani?" mumewe akauliza.

"Ya kuangalia ndege, Baba."

Mzee akaendelea kunywa chai yake.

Jumapili tulivuna tangu alfajiri, vikapu vikajaa. Mlima sikuupanda. Yule wa zambarau yuko huko bado, na mimi sijahamishwa.

Nisalimie shemeji, na mjomba wetu fundi cherehani. Mwambie kanzu yake imenifaa, naivaa chini ya sweta. Anayekuletea barua hii ana kifuko cha wimbi, fungu langu la mavuno. Upikie uji. Kerubo amesema usitie nazi. Nimemjibu kwamba dada yangu hatumwi hata siku za kazi.

Nduguyo,
Salim