Ninunulie Printa ya Wino wa Maji

Segera, 9 Machi 2001

Kaka Kiseyian,

Shikamoo. Huku mvua imeanza na sebule inavuja palepale. Baba amekuja kutoka Misima kuuza mbuzi wawili. Yuko hapa anakunywa chai na kulalamika kwamba huandiki.

Uliniuliza uninunulie printa gani huko Dar. Nilitaka ya leza, maana wafugaji hubeba barua ninazowachapia ndani ya shuka, na jasho hufuta wino wa maji. Sasa nataka ileile ya wino wa maji, nipate sababu ya kumkatalia mtu.

Bwana Obadia, anayewatafutia wageni mashamba, alikuja jana. Ataniletea leza bure, mradi nianze na kazi yake: muhtasari wa mkutano wa kijiji wa kugawa malisho ya Misima.

“Nataka maandishi yasiyofutika, dada,” alisema.

Mkutano wenyewe ni wa mwezi ujao. Aliniachia rasimu, nikaisoma alipoondoka. Malisho yetu yanatolewa na mrithi wa marehemu Mzee Tiampati.

Marehemu, Kaka, naye Baba yuko hapa anakunywa chai. Na mrithi ni wewe. Wamekuandika kwa jina la Kaleb, ulilobatizwa huko Dar, ambalo huku tunalijua mimi na Baba tu.

Nimemsihi Baba alale hapa hata wiki moja, akacheka. Ng'ombe watamlilia, anasema. Sasa hivi anatafuta fimbo yake.

Nijibu upesi: Bwana Obadia unamfahamu?

Mdogo wako,
Naitoi