Ufa wa Gurudumu la Injini ya Baba

Uswisi, wakati wa mavuno huko kwenu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake, maana najua amekaa hapo pembeni anakusikiliza ukisoma. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha Mama?

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe ukishasema neno, mimi hujibu "sawa Baba" na mambo yanaishia hapo. Nina jambo moja tu, nalo ni lile gurudumu zito la injini yako ya kukoboa mpunga. Nilipokuja likizo niliuona ufa wake, umechomelewa juujuu. Ukaniambia injini hiyo imenizidi umri, nami nikajibu "sawa Baba". Sasa kaka Deo ananiambia mpunga wa Namawala umeanza kuingia hapo Kibaoni, na wewe bado unawasha na kuzima kwa kila mteja, hata wa debe moja.

Nikueleze yaliyotokea huku kazini. Mitambo yetu ya umeme wa maji ilijengwa izunguke miezi bila kusimama. Siku hizi mapaa ya watu yamejaa sola. Jua likiwaka tunazima mtambo, wingu likipita tunawasha, likiondoka tunazima tena. Kila tukiwasha, maji yanayashtua yale mapanga yanayozungusha mtambo, na chuma kinachoka kama mtu anayeamshwa kila akisinzia.

Kazi yangu ni kuingia ndani mtambo ukiwa umefungwa, kupaka mapanga dawa nyekundu, kuifuta, kisha kupuliza unga mweupe. Penye ufa, wekundu unarudi. Siku moja ulirudi, kamstari kembamba tu. Nikamwita Mzee Ruedi, msimamizi wetu, mtu wa rika lako. Akasema ni mkwaruzo wa zamani. Mimi niliona ni ufa, Baba, lakini mtu mzima alikuwa ameshasema. Nikakubali, nikatia sahihi kwamba panga ni zima.

Wiki tatu hazikuisha. Panga lilikatika kipande mchana kweupe, jengo zima likatetemeka, na dada mmoja ninayefanya naye kazi akaanguka kwenye ngazi za chuma akavunjika mkono. Yeye alisema ni bahati mbaya tu. Nililia kwa aibu, maana mimi nilijua.

Kwenye kikao nilisema kweli kwamba niliuona. Mzee Ruedi akauliza mbona sikumkatalia. Nikamweleza kwamba kwetu mkubwa hapingwi. Alifuta miwani, akasema, "Nilikosea, na wewe ukanisaidia kukosea."

Hakuna aliyefukuzwa. Sasa tunawasha taratibu, maji yanafunguliwa kidogo kidogo, na tunakagua kwa kuhesabu tumewasha mara ngapi, si miezi mingapi imepita. Mkaguzi yeyote, hata awe mdogo namna gani, akisema usiwashwe, mtambo hauwashwi.

Ninyi ndio mlionifundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa chuma kile hauzibwi kwa kuchomelea, unajificha tu. Gurudumu likipasuka likiwa kwenye mwendo, vipande havitachagua kati yako na mama aliyekaa na ungo wake akisubiri mchele. Naogopa, Baba. Gurudumu jipya nimeshaliagiza, litakuja na basi kutoka Dar. Likifungwa, subiri wateja wafike hata watano ndipo uwashe. Wakinung'unika, waambie binti yako amepata kiburi cha Ulaya.

Nisalimie shangazi wa Kisawasawa, na bibi wa Namawala mwambie nimemwekea sweta zito, ingawa najua atalivaa kanisani hata kwenye joto. Katekista wetu mwambie misa ya huku siielewi lugha yake, lakini naenda.

La mwisho ni hili. Barua hii nimeipitisha kwa Deo, na nimemwomba aichukue hendeli ya kuwashia injini na kuificha kabla hajakukabidhi barua. Unavyosoma hapa, imeshaondoka. Hatakuambia iko wapi mpaka gurudumu jipya lifungwe. Yeye alikataa mara mbili kwa kukuogopa, kwa hiyo usimgombeze. Ukitaka kugomba, nipigie mimi. Nitapokea.

Binti yako,
Skolastika