Jogoo Niliyemletea Mama

Shoga, kuku wa mama wamekwisha. Wote kumi na mmoja. Siamini ninachoandika.

Unamkumbuka yule jogoo niliyemnunulia mama sokoni, nikajiona mtoto mwema? Nilimwingiza bandani siku ileile. Juzi akaanza kuhara kijani, jana akafa. Leo asubuhi nusu ya wenzake wamekufa, waliobaki shingo zimepinda, wanazunguka kama walevi.

Daktari wa mifugo akaja. "Hiki ni kideri, hakina dawa. Wachinjeni, muwafukie wote. Nani aliingiza kuku mgeni bila kumtenga?"

Nikafungua mdomo, mama akaniwahi: "Ni mimi, daktari. Uzee huu."

Eti "Ni mimi, daktari"! Mama anayeosha vyombo vyao vya maji kila siku kabla hajanywa chai! Akakaripiwa mbele ya jirani, naye anaitikia tu, "Nimekosa."

Na mimi nikanyamaza, shoga. Nikanyamaza kabisa.

Tumechimba shimo nyuma ya banda. Mama alikuwa akiwashusha mmoja mmoja, akiwaita kwa majina. Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

Hakuniangalia. Akasema, "Shika jembe, mwanangu. Tuwafukie kabla jua halijawa kali."