Kidoti na Mikia ya Maneno

Dada yangu mpendwa,

Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kiuno chako kimepata nafuu. Sisi miili ni mizima, ila roho imenichafuka.

Ni hiki Kiingereza cha Kidoti. Mwalimu wake aliniita akasema binti yangu ni mvivu, maneno marefu hayamalizi, nimfundishe nyumbani kuyakatakata. Basi kila jioni mimi nashona, yeye yuko pembeni ya cherehani na kitabu. Kitabu chenyewe kinachanganya. Mara ukate kwa sauti, un-der-stand-ing, na kupiga kofi kila kipande. Mara ukate kwa maana, under ni chini, stand ni simama. Kidoti akauliza kama kuelewa ni kusimama chini ya kitu. Nikamwambia asome.

Vipande vya mbele anavishika. Mikia ndiyo inampotea. Carelessness, yaani uzembe, nilimkatia care, less, ness, yeye akarudia "kele-ne", mpaka koo likanikauka. Nikafoka, akalia. Baba yake akasema si kila kichwa ni cha vitabu. Nikamkasirikia na yeye.

Wiki iliyopita nilikuwa napinda gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni, nikamtamkia neno huku nimebana midomo. Akanitazama mdomoni, akasema taratibu, "Mama, toa pini nisikie."

Dada, nilizitoa pini zote. Nikaziba mdomo kwa kitambaa, nikamwambia akaniletee maji. Hakunyanyuka. Miaka yote mtoto anatusoma midomo, sisi tunadhani anasikia.

Mpimaji wa masikio amethibitisha: sauti nzito anazipata, nyembamba kama s na f hazimfikii. Nilipomwomba mwalimu amsogeze mbele, alijibu kwamba viti vya mbele ni vya wanaojitahidi. Nikamwambia nitahamishia cherehani yangu mlangoni pa darasa lake mpaka kiti kipatikane. Kimepatikana.

Jumatatu tunafuata vifaa vya masikioni. Baba yake yuko zamu, nami naogopa kulia mbele ya mtoto. Njoo tuwe wawili.

Kidoti mwenyewe hana kinyongo. Aliniuliza tu kama wenzake huzisikia hizo sauti bila kumtazama mtu mdomoni. Nikamwambia ndiyo. Akasema kumbe ndiyo maana wanamaliza haraka.

Wabusu watoto, na shemeji mpe salamu zangu.

Mdogo wako,
Mama Kidoti