Sauti ya Nne Iliyopita Mlangoni

Jumamosi, 6 Desemba. Asubuhi mawingu mepesi, upepo wa baridi kidogo hapa Sib.

Baba,

Mama ametoka eda. Gari lako analiendesha mwanangu Zuwena, na juzi tumemwoza. Ndiyo maana nakuandikia.

Alikuwa na sharti moja: atolewe kama walivyotolewa mabibi harusi wote wa ukoo wetu, kwa nyimbo za duwap, zenu wewe na wenzako watatu, mlizozitoa kwenye santuri za Kimarekani mkiwa vijana Unguja, kabla hamjahamia huku. Sauti nne tupu. Babu hakutaka ala nyumbani kwake, ndipo mkaona hizi hana pa kuzikatazia. Siku zote mliimba koridoni, mlango wa ukumbi wa wanawake umefungwa, nasi ndani tunawasikia bila kuwaona.

Safari hii Ami Seif alikataa. "Mwanangu, tumebaki kilemba bila kichwa. Mimi juu, hawa wawili katikati, chini nani?" Nikamwambia Zuwena hataki muziki wa kukodi. Akaguna. "Haya. Pale pa marehemu tutanyamaza. Msije mkatulaumu."

Hapo ndipo palinitia hofu. Unapakumbuka: wenzako wanakoma, unabaki peke yako, dum, dum, dum, na bibi harusi anatembea kwa hiyo besi yako mpaka kitini. Bila wewe atatembea kwa nini?

Juzi, ukumbini Khuwair, wazee wakaimba koridoni wakafika pale. Kimya. Zuwena amesimama na maua yake, ananitazama mimi.

Mama ndiye aliyeanza. Yeye yule aliyekuwa akikupigia kelele ukiimba huku unanyoa ndevu, "Bwana we, wanitikisia vikombe kabatini!" Ameketi kitini pake, dum, dum. Shangazi akamfuata, halafu safu nzima, halafu ukumbi wote, na wajukuu waliokuwa wakikucheka. Mwanzo sikuelewa besi hiyo wameipata wapi. Ni mlango, Baba. Ulikuwa ukififisha maneno na sauti nyembamba, na iliyopita nzima ni yako. Miaka yote hiyo wanawake tulikuwa tukikusikia vizuri wewe tu. Maneno ya wimbo hakuna ayajuaye hata mmoja.

Zuwena akatembea.

Nilipotoka, Ami Seif anajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Nani aliyeanza?" Nikamwambia ni Mama. "Nilijua ni mtu wa nyumbani kwake! Kachelewa pale pale alipokuwa akichelewa marehemu. Tumemgombeza mpaka tumezeeka, hasikii, kumbe keshamrithisha mkewe."

Nilicheka. Kisha nikaenda kukaa garini mwako kidogo.

Leo wasichana wa ukoo wamekuja kuomba wafundishwe sauti zote nne. Tutaanza Ijumaa, sebuleni kwako. Vikombe sivitoi kabatini. Na pale unapochelewa watachelewa vilevile, nakuahidi sitawasahihisha.

Pumzika, Baba. Mungu akuweke pazuri.

Nakwenda kulala, ni saa nne na nusu usiku.