Sauti Iliyokwama Ndani ya Boksi

Jumatatu, 4 Agosti

Kaseti za kwaya asubuhi. Zote zina ukungu. Nimezipangusa kwa pamba na spiriti, nikazipitisha moja moja kwenye deki, nikasikiliza waimbaji wa sauti ya kwanza wakipotea mahali pale pale kila wimbo. Kazi nzuri kwa siku ya mvua. Nilipotaka kuhifadhi, boksi ikakataa.

Boksi ndiyo stoo yangu. Nyeusi, ina diski mbili ndani, imeunganishwa na rauta ya hapa dukani. Kila kaseti na kila mkanda wa video ninaogeuza kuwa faili, wa watu wa Kitale na wa Bungoma, unaenda kulala humo. Niliinunua kwa sababu ya maneno ya kwenye katoni: diski moja ikifa, nyingine ina kila kitu. Nikaamini. Nikawa nafuta kwenye laptopu, ambayo haina nafasi.

Leo ile taa ya kijani imekuwa ya chungwa. Inapepesa. Laptopu haiioni boksi kabisa. Nimezima, nimewasha. Chungwa.

Sijashtuka. Huenda ni stima. Mtaa mzima wa Tuwan, jana ilikuwa inapotea na kurudi.

Jumanne, 5 Agosti

Bado chungwa. Sasa nimeshtuka.

Kitabu cha maelekezo si kitabu. Ni karatasi moja iliyokunjwa, picha za mkono usio na mwenyewe ukichomeka waya, na lugha chungu nzima. Kiswahili hakimo. Juu ya taa ya chungwa kuna sentensi moja: wasiliana na huduma kwa wateja. Nimewaandikia. Jibu limekuja papo hapo, nikafurahi, kumbe ni mashine. Inanishukuru kwa subira yangu. Sijaonyesha subira yoyote bado.

Humo ndani kuna Mzee Simiyu. Hilo ndilo linaninyima raha.

Mzee Simiyu ni wa Bumula. Alitolewa koromeo kwa sababu ya saratani. Alipona. Anakula, analima, anaenda kanisani, lakini sauti haipo tena. Binti yake Nekesa anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Kwenye sanduku la mama yake alipata kaseti: baba akiwa kijana, kibarua Nairobi, akimrekodia mkewe salamu badala ya kuandika barua. Hakuna sauti nyingine ya mzee popote. Nekesa anataka wageni waisikie siku hiyo, baba akiitwa mbele kubariki.

Utepe ulikuwa umeoza. Ulipita kwenye deki mara moja, ukaacha unga wa kahawia, halafu ukakatikakatika. Nilijiambia si neno, nimeshaipata. Nikaiweka kwenye boksi.

Jumatano, 6 Agosti

Duka lililoniuzia, la Nairobi, linasema wao ni wauzaji tu. Niwaulize wasambazaji. Simu ya wasambazaji inaita mpaka inakatika.

Kwenye tovuti ya kampuni kuna kidirisha cha kuzungumza. Kina jina la mwanamke. Ni mashine pia. Nimeuliza taa ya chungwa inamaanisha nini. Kimeniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nimejaribu. Kimenitumia kiungo. Nimefungua: ukurasa haupatikani. Kisha kikaniuliza kama nimeridhika.

Nimefunga laptopu kwa nguvu isiyostahili. Haikuwa imenikosea.

Ijumaa, 8 Agosti

Mtu amejibu. Au nadhani ni mtu. Anasema nyuma ya boksi kuna kitundu, nitie pini, nibonyeze mpaka ilie, na boksi itarudi kama mpya.

Kama mpya. Sikuipenda hiyo kauli. Nimerudi kwenye karatasi: inasema kubonyeza hapo kunafuta nywila tu, faili haziguswi. Nimeenda kwenye tovuti: inasema faili zote zitafutika. Kampuni moja, kitundu kimoja, maneno mawili. Nimeandika kuuliza ni lipi la kweli. Nimetumia herufi kubwa, Mungu anisamehe. Wamenijibu yale yale ya mwanzo, neno kwa neno, ila chini kuna jina la mtu mwingine.

Pini iko mezani. Nimeishika, nimeiweka. Nimeishika tena. Sikubonyeza.

Naogopa. Sina neno lingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepata ukumbi mtandaoni wanakoandikiana wateja wa kampuni hii. Nimeshinda humo, simu ikinitafsiria. Watu wa nchi ambazo sitafika, boksi ile ile, taa ile ile. Wote wameambiwa wazime na wawashe. Mwanafunzi amepoteza utafiti wake wote. Mwanamke anaomba picha za mtoto wake aliyefariki, kila baada ya siku chache anaandika tena, kwa adabu, kama anayebisha hodi. Mmoja alibonyeza kile kitundu. Aliandika mstari mmoja: zimeenda zote. Hakuandika tena.

Nimelia kidogo. Mteja wa video ya ubatizo akanikuta hivyo. Yake bado ilikuwa kwenye laptopu. Nimempa, ameniambia pole bila kujua ya nini.

Nekesa amepiga. Nimemwambia bado naisafisha sauti. Uongo. Kampuni ina makosa yake, ila huu uongo ni wangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Simu imeshikwa. Baada ya muziki mrefu, kijana, anaitwa Kevin, yuko Nairobi. Amechoka, unasikia. Akaanza kunisomea: zima, washa. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu jana kanisani, badala ya kusikiliza mahubiri. Hayakutoka. Nilichotoa ni habari ya Mzee Simiyu, yote, koromeo, kaseti, harusi.

Akaacha kusoma. Nikadhani amekata.

"Mama, nitakupigia," akasema.

Sikuamini. Lakini saa ya chakula namba ngeni ikaita, nyuma yake kelele za barabara. Ni yeye.

"Mama, sisi huku tuko na ile page moja tu wamekutumia. Hakuna ingine. Wote tunasoma hiyo."

"Sasa nibonyeze ama nisibonyeze?"

"Usibonyeze. Kuna mtu nilimwambia abonyeze." Akaishia hapo. "Diski zako pengine hazina shida. Yenye hufa sana ni boksi yenyewe. Tafuta fundi anajua Linux. Mtoe diski, muandike gani ilikuwa kushoto na gani kulia. Na kompyuta ikiwauliza kama mfomati, yaani mfute kila kitu, mseme hapana. Hata iulize mara ngapi."

"Kwa nini hamuandiki hivyo kwenye karatasi?"

"Nilishauliza, mama. Na hii usiseme ni mimi, tafadhali. Niko na mtoto."

Siku nzima ya leo sijamchukia mtu yeyote. Imenishangaza.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeenda Bumula kuwaambia. Ningeweza kupiga simu. Nisingeweza.

Walikuwa sebuleni, Mzee Simiyu, mkewe, Nekesa. Viti vya harusi vimeshaletwa, vimepangwa ukutani. Nikasema yote kwa mkupuo: boksi imegoma, sauti iko ndani, sijui kama itatoka, na Jumamosi nilidanganya. Nekesa akasimama akatoka nje. Mama yake akauliza kama kaseti yenyewe haiwezi kurudiwa. Nikamwonyesha utepe ndani ya bahasha. Akautazama, akaifunga bahasha, akaiweka mapajani.

Mzee alikuwa ameshika skafu yake ya shingoni. Akachukua simu, akaandika kwa herufi kubwa, akanipa nisome. *Pole kwa kazi.*

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Hiyo pole imeniuma zaidi. Wakanipa chai na njugu, nikanywa kwa kuwa kukataa kungekuwa vibaya.

Nekesa akanisindikiza mpaka barabarani.

"Si ungeniambia tu Jumamosi."

"Kweli, ningekuambia."

"Ningeanza kuzoea mapema."

Hakusema kwa hasira. Akaniuliza kama nina nauli, akarudi.

Alhamisi, 14 Agosti

Bungoma mjini tangu asubuhi. Fundi anaitwa Wanyonyi, ana duka la kompyuta nyuma ya soko. Nilipoitoa boksi kwenye mfuko alicheka bila furaha. Ameshaletewa hizi. Mojawapo ilimshinda na mwenyewe hamsalimii mpaka leo.

Tukaandika kushoto na kulia kwa kalamu ya wino. Tukasoma ule ukumbi pamoja, yeye Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Karatasi ya kampuni haisemi lolote juu ya kutoa diski, isipokuwa kwamba ukitoa, garanti imekwisha. Nikasema iishe.

Diski ya kushoto ilikuwa inagonga ndani, tak, tak, tak. Akaitoa haraka. "Hii imekufa, mama."

Ya kulia akaichomeka kwenye kompyuta ya kawaida aone tu kama inazunguka. Dirisha likajitokeza: diski haisomeki, uifomati? Kitufe cha ndiyo kimeshawekwa rangi, kinangoja kubonyezwa. Nikamshika mkono.

"Nimeona," akasema. "Nimeona, mama. Siguzi."

Akaihamishia kwenye mashine nyingine, ile ya Linux, mfumo ule ule ulio ndani ya boksi. Akajaribu amri za mtu mmoja wa kule ukumbini, ambaye kampuni ilikuwa imemfungia mjadala wake. Hakuna kitu. Akajaribu tena, akibadilisha hiki na kile. Ikaonekana kama kuna kitu, stima ikapotea soko lote. Tukakaa gizani mle dukani, mchana kweupe nje. Hairudi leo, wanasema.

Nimeacha diski kwake. Nimelala kwa dada yangu hapa Bungoma. Sikula.

Ijumaa, 15 Agosti

Zimefunguka.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Wanyonyi na majina yangu ya faili yakaanza kushuka kwenye kioo, moja baada ya jingine, kama nilivyoyaandika. Simiyu Bumula lilikuwa katikati. Akabonyeza. Kikohozi kwanza. Halafu kijana mmoja mwenye haya, karibu sana na maikrofoni: "Halo. Halo, Mama Nekesa."

Wanyonyi akainamisha kichwa. Mimi nikageukia ukuta. Tukazima hapo hapo, si yetu.

Tumenakili kwake, kwenye laptopu yangu na kwenye fleshi ambayo sasa naivaa shingoni kama rozari.

Si zote zimepona. Faili za mwanzo, za nilipokuwa nimenunua boksi, hazifunguki. Kuna harusi ya watu wa Kiminini. Kuna mahubiri ya marehemu mchungaji mmoja. Wiki ijayo nitawaendea wenyewe, mmoja mmoja. Naihofia hiyo wiki.

Nimemwandikia Kevin: tumeipata. Amejibu: asante Yesu. Nimeandika pia kule ukumbini tulivyofanya, hatua kwa hatua, kwa Kiingereza changu kibovu, Wanyonyi akinisahihisha. Yule mama wa picha za mtoto ameuliza swali. Nimemjibu. Ameuliza lingine.

Jioni barua pepe kutoka kwa kampuni. Malalamiko yangu yamefungwa kwa kuwa sikutoa ushirikiano. Nimecheka mpaka dada yangu akaja kuona kuna nini.

Jumamosi, 16 Agosti

Harusi. Nimechoka, naandika kifupi.

Nilikuwa karibu na spika, laptopu wazi, faili tayari. Mshereheshaji ameshapewa maneno. Kabla wazazi hawajaitwa, Mzee Simiyu akaja kwangu, suti ya kijivu, skafu mpya. Akanipa simu nisome. *Usiicheze hapa. Hii niliongea na mama yao peke yake.*

Nikamwita Nekesa. Akasoma. Akaanza kumbishia, "Baba, si watu wanangoja," kisha akaacha. Akamtazama kwa muda. Akanifungia laptopu mwenyewe, taratibu, ili kucha zake za rangi zisiharibike.

Wakaitwa. Mzee akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha binti yake. Midomo yake ilikuwa inatembea, maneno mengi, hakuharakisha. Hata wapishi waliacha sufuria. Mama Nekesa akasema amina wakati wake ulipofika, alijua wapi.

Sikuumia kwamba haikuchezwa. Nilidhani nitaumia.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepita Bumula kabla ya kurudi Kitale. Hema limeshashushwa. Nekesa ameenda kwake.

Mama yake alikuwa kwenye kiti mlangoni mwa jikoni, anachambua maharagwe. Nimempa simu iliyo na ile sauti, nikamwekea vidude vya masikio, nikamwonyesha pa kubonyeza. Kisha nikaondoka karibu naye. Mzee alikuwa uani anakaza waya wa ua ulioangushwa na magari ya jana. Alikuwa ametupa mgongo, lakini mikono ilikuwa imeacha kazi.

Naijua ile kaseti. Kijana analalamika juu ya chumba chake kuvuja. Anauliza habari ya ng'ombe. Anauliza kama mvua imefika. Mwishoni anauliza kama mtoto siku hizi analala usiku, au bado anamsumbua mama yake.

Mama Nekesa aliacha kuchambua. Alicheka mahali pamoja. Baadaye nikamsikia akijibu, kwa sauti ya juu, kama wanavyofanya watu wenye vidude masikioni:

"Analala. Analala vizuri tu."

Mzee akainama, akaokota koleo. Nikaenda kumshikia upande wa pili wa waya.