Mama Kinanda na Wimbo wa Kumi na Mbili

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya Jumanne, na hadi leo hakuna mtu humu ndani anayethubutu kupiga mluzi ovyo bila kugeuka kuangalia kama umesikia.

Hukuwa mkali. Ulikuwa na masikio tu. Geti likilia, ulisema limeshuka nusu sauti tangu mvua za mwaka jana. Birika likichemka, uliliimbia sauti ya pili. Kengele ya mlangoni uliiitia fundi mara mbili, si kwa kuwa imeharibika, bali kwa kuwa "inapiga chini." Fundi wa pili alikuuliza chini ya nini. Ukamwimbia. Alishinda pale mlangoni hadi alasiri, na alipoondoka alikuwa anaimba yeye.

Wanaosoma haya bila kukujua, tuwaambie kwamba ulikuwa mpiga chapa wa ofisi ya maji kwa miaka thelathini na mmoja. Vidole vyako vilikuwa na mwendo wake. Wenzako walisema wakikaa chumba cha pili walijua unapiga barua ya kawaida au barua ya kumfokea mtu. Nyumbani nako hukupumzika. Nusu ya mtaa huu imepata kazi kwa barua ulizowapigia bure, kwa sharti moja tu, kwamba hupigi uongo.

"Jirani," ulimwambia fundi bomba wetu, "hapa umesema una uzoefu wa miaka ishirini. Na una miaka mingapi?"

"Thelathini, Mama Kinanda."

"Kwa hiyo ulianza kuziba mabomba ukiwa darasa la tatu. Tuandike minane, ulale usingizi."

Akapata kazi kwa hiyo minane.

Kabla ya taipureta kulikuwa na kinanda, na ndiko lilikotoka jina lako. Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja ulipoingia Saa Kumi Kamili, bendi ya watu sita walioipa jina la saa waliyotoka kazini kwenda mazoezini, ingawa Baba anaapa kwamba hata siku moja hamkuanza kabla ya kumi na moja na robo. Mpiga gitaa na mtunzi wenu alikuwa mdogo wake Baba, yaani Baba Mdogo wetu. Ndiye aliyemwalika Baba ukumbini, karani wa posta mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Baba alikwenda kumsikiliza ndugu yake, akarudi hajui ndugu yake alipiga nini.

Santuri zenu mbili zilichezwa kila mahali, na wazee wakizisikia redioni hadi leo huacha wanachofanya. Ya tatu haikutoka. Sisi tulikua na habari ya hiyo santuri ya tatu kama watu wanavyokua na kabati kubwa sebuleni: lipo, hulisemi, unalizunguka.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya mwisho studio mlirekodi nyimbo kumi na moja bila shida. Wa kumi na mbili, "Barua Bila Stempu," ambao Baba Mdogo aliutunga kwa mwaka mzima, ulikatika palepale mara tatu, kwenye ubeti wa tatu. Wewe ulisema gitaa limekimbia. Yeye akasema kinanda kimewahi. Mkaambiana mliyoambiana. Yeye akafunga gitaa lake, wewe ukafunga mlango. Kampuni iliyotaka kuitoa santuri ikafunga shughuli zake kabla ya mwezi kuisha, kanda zikatupwa stoo, na bendi ikafa kifo cha kimya.

Miaka thelathini na minane, Mama! Baba Mdogo alikuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi na hakuvuka geti. Baba alitoa vigoda viwili nje, wakakaa ukutani kama walinzi. Chai uliipika wewe, na sukari nyingi kama anavyopenda, kisha ukatuita: "Mpelekeeni mgeni wa baba yenu." Naye akimaliza alitukabidhi kikombe: "Mwambieni aliyepika, ahsante." Baba ndiye aliyeajiriwa posta, lakini barua tulibeba sisi.

Halafu miaka mitatu iliyopita simu ikalia. Alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya haraka, wa kampuni ndogo inayofufua muziki wa zamani. Stoo ya redio ilikuwa inahamishwa, akasema, wakakuta maboksi manne yameandikwa Saa Kumi Kamili. Kanda zilikuwa na ukungu. Wamezikausha kwa joto dogo kwenye jiko maalumu, na zinacheza.

"Mmezioka?" ukauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kama mikate?"

"Kwa muda mrefu kidogo kuliko mikate, Mama."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tulidhani mambo yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza, maana Dada wa Santuri, kama tulivyomwita tangu siku hiyo, alihitaji saini za wanabendi waliobaki, na mlikuwa mmebaki wawili.

Baba Mdogo alisema atatia saini iwapo kijitabu cha ndani ya jalada kitaeleza kwamba wimbo wa kumi na mbili uliharibiwa na kinanda. Wewe ulikaa mezani, ukapiga sentensi moja, ukamkabidhi dada wa watu akiwa bado amesimama: "Wimbo wa kumi na mbili haukukamilika kwa sababu mpiga gitaa alikimbia."

Akaisoma, akakaa bila kukaribishwa. "Mama, nimetumwa kuleta muziki. Sikutumwa kukata kesi."

"Basi iache kesi, na muziki uuache pia."

Binti yako mkubwa alikusihi. Mwanao alikusihi. Kitinda mimba wako alikununia siku mbili, akaona hujali, akaacha kununa. Baba peke yake hakusema kitu. Tulimwuliza kwa nini, akasema yeye amekaa kati ya watu hao wawili muda mrefu mno, hata mgongo wake umechukua umbo la ukuta.

Dada wa Santuri ndiye aliyepata njia. Alirudi Alhamisi moja saa nane mchana na kompyuta na vipaza sauti viwili vidogo. "Mama," akasema, "zamani mlirekodi kila chombo kwenye mstari wake. Naweza kukuwekea gitaa peke yake na kinanda peke yake. Usisikilize maneno yangu wala ya mtu. Sikiliza mwenyewe."

Ukavuta kiti. "Weka. Na asipumue mtu."

Hatukupumua. Ikaja sauti ya chumba, kikohozi cha mtu, mpiga dramu akihesabu. Kisha gitaa, zuri, lenye kutembea kama mtu asiye na haraka. Halikukimbia. Tulikuona ukikunja uso. Kikaja kinanda. Ulikuwa unapiga vizuri, Mama, tunakuapia, hadi ubeti wa tatu, vidole vyako vilipobadili sauti pigo moja kabla ya wenzako. Ukaomba arudie. Akarudia. Ukaomba tena.

Kabla ya jaribio la pili ikasikika sauti ya kijana, ya upole, ambayo sote tulihitaji muda kuitambua kuwa ya Baba Mdogo: "Shemeji, ni nne pale, si tatu. Haidhuru, turudie." Na kabla ya la tatu, vilevile: "Nne, shemeji. Umechoka. Turudie taratibu."

Hilo ndilo lililokupiga. Miaka yote ulikumbuka ugomvi, na hukukumbuka kwamba uliambiwa vizuri mara mbili.

Baba alikuwa ameshika mgongo wa kiti chako. Hatimaye ukasema, kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nahesabu tatu."

"Sema?" Baba akauliza.

"Miaka thelathini na minane, Baba Watoto, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu tatu. Nipe simu."

Ulimpigia mbele yetu sote, na simu ukaiweka sauti ya juu, kwa sababu ulisema uliyemtukana hadharani huwezi kumtaka radhi uvunguni.

"Shemeji."

"Nani mwenzangu?"

"Unajua ni nani. Ilikuwa nne."

Tulisikia akivuta kiti huko aliko. "Ilikuwa nne," akasema.

"Nisamehe. Nimekukosea wewe, nimemkosea na kaka yako, amezeeka pale nje kwenye kigoda. Lakini nawe, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili, shemeji. Mara ya tatu ulirusha kiti."

"Mimi? Sijarusha kiti tangu nizaliwe!"

"Kisikilizeni kwenye kanda."

Ukamgeukia Dada wa Santuri kwa macho ya mtu mwenye uhakika. Akabonyeza. Kanda ilikuwa imeendelea kuzunguka baada ya wimbo kukatika, na katikati ya zogo ukaja mshindo ambao hauwezi kuwa kitu kingine duniani ila kiti cha mbao kikigonga ukuta.

"Kimo," ukakiri kwenye simu.

Baba Mdogo alianza kucheka. Wewe ukafuata. Baba ndiye aliyelia, akasingizia vumbi la kompyuta.

Jumapili iliyofuata haikuwa ya kwanza ya mwezi, lakini alikuja. Alifika getini, akasimama mahali pake pa siku zote, akawa hajui afanye nini na miguu. Ukatoka hadi barazani na kikombe mkononi. "Chai hainywewi tena nje," ukasema. "Vikombe vinakwisha." Akaingia. Alitazama sebule yetu kama mtu aliyesoma habari za mji miaka mingi, leo amefika.

Kijitabu cha santuri tunacho hapa mezani tunapoandika. Sentensi yako ya kwanza uliichana, ukapiga nyingine, nayo imechapwa kama ulivyoiandika: "Wimbo wa kumi na mbili haukukamilika kwa sababu mpiga kinanda alihesabu tatu badala ya nne. Anamwomba radhi mpiga gitaa, anawaomba radhi wenzake wanne waliotangulia, na anakiomba radhi kiti." Wimbo wenyewe mlikataa kata kata urekebishwe. Umetoka ulivyo, umekatika, na mshindo umo. Dada wa Santuri anasema ndio unaoombwa redioni kuliko yote.

Siku ilipozinduliwa uliomba usikalishwe mbele. Wakakukalisha mbele. Mtu mmoja wa magazeti akakuuliza unajisikiaje kusikia ujana wako baada ya miaka hiyo yote. Ukamjibu kwamba ujana ulikuwa mzuri ila hesabu ilikuwa mbovu. Mama, watu walikaa kusubiri uendelee kusema, nawe ulikuwa umeshamaliza, unatafuta miwani.

Tangu hapo Baba Mdogo alikuja kila Jumamosi na gitaa. Mwanao alikutafutia kinanda kidogo cha umeme, ukakiita mtoto wa kambo, lakini hukukiacha. Mligombana Jumamosi zote hizo: mwendo, sauti, nani alileta nyimbo gani. Baba aliketi katikati akila karanga, mtu mwenye furaha kupita wote tuliowahi kuwaona.

Hata siku ile hukutaka makuu. Ulikunywa chai, ukalalamika kwamba mlio wa jokofu umebadilika, ukasema unajilaza kidogo. Moyo ukasimama. Daktari alituambia hukuumia. Jokofu tuliliitia fundi wiki iliyofuata, na kweli lilikuwa na hitilafu.

Siku ya kukuzika Baba Mdogo hakuweza kupiga. Aliombwa, akashika gitaa, akalirudisha. "Nimezoea kukatizwa," akasema. "Sasa nitapigaje hadi mwisho?" Miezi mitatu hakulifungua. Siku hizi anakuja tena Jumamosi. Binti yako mkubwa, ambaye akishuka zamu hospitali anataka kulala tu, ameanza kujifunza kinanda chako. Anapiga vibaya sana, Mama. Baba Mdogo anamkatiza kila mstari, na uso wake umerudi.

Tulitaka kuishia hapo. Lakini mwezi uliopita Dada wa Santuri alipiga hodi na boksi la tano, lililokuwa limewekwa penye nyaraka za watu wengine. Hamna nyimbo mle. Ni mazoezi. Mtu aliwasha kinasa sauti akakisahau, na kwa saa nne mnasikika mkipanga vyombo, mkidaiana nyuzi, mkibishana nani kachelewa. Unasikika ukimfundisha mpiga besi wimbo kwa kumwimbia puani. Unasikika ukimwuliza mtu, "Yule kaka yako wa posta, anakuja leo?" na ukijifanya huna haja ya jibu.

Baba aliomba hapo pasimamishwe.

Tulikuwa tumesikiliza saa moja. Tukamwuliza kama tuendelee kesho, akasema hapana, tusiwe na pupa. Hizo tatu zilizobaki tutasikiliza kipande kidogo kila mwaka, siku kama ya leo. Ametupigia hesabu, anasema tukienda taratibu zitatufikisha mbali. Kwa hiyo leo alasiri, baada ya kutoka kaburini, tutakaa sebuleni sote, na utatuambia kitu ambacho hatujawahi kukusikia ukisema.

Unakumbukwa na mumeo, karani wa posta mstaafu, shemeji yako mpiga gitaa, binti yako muuguzi, mwanao fundi umeme na kitinda mimba wako mpima ardhi, wakwe zako, wajukuu zako wanne, mmojawapo ana masikio yako na tayari amelisema geti, wenzako wa ofisi ya maji, na majirani wote uliowaandikia ukweli.

Daima tutakukumbuka, Mama, na bado tunaendelea kukufahamu.